Uji wa mwezi wa nne

Ukitaka kujua kama mtoto wa miezi mitatu na nusu ameshaanza uji, usimuulize mama yake, "Unamnyonyesha maziwa yako pekee?" Atasema ndiyo. Jibu la kliniki, kwamba mtoto apewe ziwa pekee mpaka miezi 6, analijua, na hakuja kugombezwa. Angalia chupa inayochungulia kwenye mkoba wake. Chuchu imeongezwa tundu kwa wembe, au imetobolewa kwa sindano iliyopitishwa motoni, kwa sababu tundu la kiwandani ni la maziwa na uji haupiti. Kwa ndani, kuzunguka lile tundu, kuna utando mweupe ulioganda. Kidole hakifiki hapo, na brashi ya chupa nyumbani hakuna.

Swali linalofanya kazi ni hili: "Tangu jana asubuhi mpaka sasa, mtoto ameonja nini zaidi ya ziwa?" Halafu unataja kimoja kimoja: maji ya kunywa, maji ya glukosi, dawa ya mchango, asali, maziwa ya ng'ombe, juisi ya chungwa, uji. Kwa wengi chakula ni kile kinachoshibisha, kwa hiyo maji hayahesabiwi na dawa ya mchango inabaki kuwa dawa. Mama anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba hajampa mtoto kitu, kumbe anampa maji kila mchana tangu wiki ya pili kwa kuwa Dar ni joto. Maziwa ya mama yenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, na mtoto anayenyonya kila anapotaka hapati kiu hata Februari. Asali ina hatari yake ya pekee, kwani inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kulegeza misuli kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi 6 Tanzania walikuwa wananyonya maziwa ya mama pekee. Wastani huo unachanganya kichanga cha wiki mbili na mtoto wa miezi mitano. Kadiri umri unavyopanda ndivyo idadi inavyoshuka, na mahali inapoanza kuporomoka ni hapo mwezi wa tatu kwenda wa nne.

Kwa nini hapo? Kwanza, chanjo ya wiki ya 14 imekwisha na inayofuata ni ya miezi 9. Kadi inasema mtoto apimwe uzito kila mwezi, lakini foleni ya mzani bila sindano haiwavuti wengi. Arobaini imepita zamani na mama anarudi gengeni, jikoni kwa mama ntilie, au kwenye kufua nguo za watu. Kisha mtoto huingia kwenye siku mbili tatu za kunyonya bila kuachia, kama alivyofanya wiki ya tatu na ya sita, maana anakua na anaagiza maziwa zaidi. Matiti nayo, yaliyokuwa yakijaa mpaka kulowesha gauni, yamelainika, kwa sababu mwili umeshajua kipimo. Mama anayaminya anaona kama yamekauka. Juu ya yote mtoto ameanza kutoa udenda na kulifuata kwa macho tonge la baba yake. "Anatamani huyo, mnamtesa," anasema bibi. Weka hayo yote ndani ya chumba kimoja cha kupanga na utaona kwamba kijiko cha uji ni uamuzi wa watu wenye akili timamu. Somo letu la kliniki kuhusu faida za maziwa ya mama, lile la bango la ukutani, halijibu hata jambo moja kati ya hayo.

Bibi anahitaji maneno yake mwenyewe. Anaposema "nyinyi niliwaanzishia miezi minne na wazima mnatembea," hasemi uongo, na hakujitungia. Kliniki ya wakati wake ndiyo iliyomwambia. Shirika la Afya Duniani lilishauri chakula kianze kati ya miezi 4 na 6, mpaka Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa Mei 2001 ulipopandisha ushauri kuwa miezi 6. Ukimwamkia na kumwambia, "Bibi, ulifanya kama ulivyofundishwa, kipimo kilibadilishwa baadaye," anakusikiliza. Ukimruka ukazungumza na binti yake peke yake, uji utapikwa binti akiwa sokoni.

Sasa tuutazame huo uji. Ili upite kwenye chuchu lazima uwe mwepesi: nusu lita ya maji na vijiko viwili vya chakula vya sembe, kama gramu 20. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 350, kwa hiyo sufuria nzima ina kalori 70, na kila mililita 100 zina kalori 14. Tia kijiko cha chai cha sukari, unafika 17. Maziwa ya mama yana 65 hadi 70 kwa mililita 100 zilezile, pamoja na mafuta, protini na kinga ambazo sembe haina.

Mtoto wa miezi minne hunyonya kama mililita 750 kwa siku. Akipewa chupa ya mililita 200 asubuhi na nyingine jioni, akanyonya pungufu kwa kiasi hicho, ameingiza kalori zisizofika 70 mahali palipokuwa na 260 au zaidi. Na analala! Hapo ndipo bibi anapoaminiwa, maana mtoto aliyekuwa analia kila saa amelala fofofo. Tumbo limejaa maji yenye wanga. Ziwa lisilonyonywa nalo hupunguza kazi, kwa sababu maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Baada ya wiki mbili lile neno "maziwa yangu hayatoshi," ambalo halikuwa kweli siku lilipotamkwa, linakuwa kweli.

Kwenye kadi mstari hauporomoki. Unalala: miezi mitatu kilo 6, minne kilo 6.2, mitano kilo 6.2 tena. Kisha inakuja kuhara. Uji umepikwa mara moja alfajiri kwa sababu mkaa ni ghali, ukawekwa kwenye chupa ya chai. Chupa ya chai haiui vijidudu. Kadiri uji unavyopoa ndani yake ndivyo unavyofikia uvuguvugu wanaoupenda, na uji wa saa 12 asubuhi ukifika saa 9 alasiri si uleule. Mtoto akiharisha kwa umri huu nyumbani watasema ni meno. Wengine watasema ni meno ya plastiki na kumpeleka akachimbwe fizi kwa kifaa ambacho hakijachemshwa. Tumejifunza kuuliza kuhusu chuchu na chupa ya chai kabla ya kubishana kuhusu meno. Dawa ya mtoto huyo ni ziwa mara nyingi zaidi, maji ya ORS (ya kurudisha maji na chumvi mwilini) kwa kikombe na zinki miligramu 10 (nusu ya kidonge cha miligramu 20) kila siku kwa siku 10 hadi 14. ORS na dawa alizoandikiwa hazihesabiki kama kumwanzishia chakula.

Kuna matokeo mawili ambayo akina mama huambiwa kwa nadra. Mama anayenyonyesha pekee usiku na mchana, hajaona siku zake na mtoto hajafikisha miezi 6, ana kinga ya mimba ya takriban asilimia 98. Uji ukianza, kinga hiyo si ya kutegemea tena, na wapo wanaoshangaa wana ujauzito wakati mtoto hajakaa. La pili linawahusu wanaoishi na VVU. Kuchanganya ziwa na vyakula vingine katika miezi 6 ya mwanzo kunaongeza hatari ya kuambukiza kuliko kunyonyesha pekee, jambo lililoonekana kwenye utafiti wa Durban, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 1999. Mama huyo anameza ARV zake bila kukosa na ananyonyesha pekee mpaka miezi 6.

Mama akisema maziwa hayatoshi, usimpinge wala usimkubalie. Hesabuni nepi. Mtoto asiyepewa maji wala kitu kingine, akikojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo mweupe usio na harufu kali, anapata maziwa. Nepi za kitambaa zinasaidia, kwani zinahesabika kwenye kamba, pampasi inaficha. Hesabu hii haina maana kwa mtoto anayepewa maji, kwa sababu atakojoa sana huku ana njaa. Kwake mzani ndio shahidi: katika miezi hii tunatarajia angalau gramu 500 kwa mwezi. Halafu mwangalie akinyonya. Mdomo uwe wazi kabisa, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi wa titi uonekane zaidi juu kuliko chini. Amalize titi moja ndipo ahamishiwe la pili. Ukimhamisha baada ya dakika tano anapata yale mepesi ya mwanzo pande zote mbili na kuyakosa mazito yenye mafuta.

Mama anayetoka nyumbani ndiye mwenye kesi ngumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa pacha, na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Vizuri kwa mwenye mkataba. Muuza mboga anayefika sokoni saa 11 alfajiri hana mwajiri wa kumdai saa hizo. Kwake tunazungumza kukamua.

Aanze kujizoeza wiki mbili kabla ya kurudi kazini, kwa sababu siku ya kwanza hutoka vijiko viwili tu na wengi hukata tamaa hapo. Kikombe chenye mdomo mpana kioshwe kwa sabuni, kimwagiwe maji yaliyochemka, kiachwe kipoe. Mikono ioshwe. Kidole gumba kiwe juu ya titi na cha shahada chini, sentimita 3 au 4 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana vidole vikutane, achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi na wala visivute chuchu. Maumivu maana yake umekosea. Mwanzo hakitoki kitu, kisha matone, kisha yanaruka. Zungusha vidole upate pande zote za titi, dakika 3 hadi 5, hamia la pili, rudi tena. Kazi nzima ni dakika 20 mpaka 30.

Kwa kutokuwepo muda wa saa 8, kama mililita 250 zinatosha, yaani kikombe kimoja cha chai kilichojaa, kigawanywe mara tatu. Kifunikwe, kiwekwe kivulini ndani ya bakuli la maji baridi. Kwa joto la Pwani tunashauri yasizidi muda wa saa 4, hivyo anayekaa nje zaidi ya saa hizo anahitaji friji ya jirani, na jirani mwenye friji ni wa kutafutwa kabla mtoto hajazaliwa. Mlezi, awe bibi au dada wa kazi, ampe kwa kikombe kidogo: mtoto akiwa amekaa wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, asimiminiwe. Atalamba mwenyewe. Yaliyobaki kwenye kikombe alichogusa mdomo humwagwa. Mama akirudi ananyonyesha kabla ya kuvua viatu, na usiku mtoto alale karibu anyonye, kwa sababu ziwa la usiku ndilo linaloamuru la kesho.

Imani mbili hukutana naye mlangoni. Ya kwanza ni "maziwa yaliyolala": ameshinda juani, maziwa yamechacha kifuani, ayakamue ayamwage kwanza. Ziwa si sufuria. Maziwa hayaharibiki yakiwa ndani, na anayemwaga hayo ya jioni amemwaga chakula kilichokuwa cha kwanza kumfikia mtoto mchana kutwa. Ya pili ni kubemenda, na hii inataka ulimi laini. Mtoto akikonda, watu husema wazazi wamembemenda kwa kukutana kimwili wakati ananyonya, au mmoja wao ametoka nje. Mbegu za kiume haziingii kwenye maziwa. Lakini ubaya mkubwa wa neno hili ni kwamba linamshtaki mama, naye anaacha kumpeleka mtoto kwenye mzani ili asionekane. Wengine humlikiza mapema ili warudi kwa waume zao kwa amani. Baba asipokuwepo siku ya kulizungumza, mazungumzo hayo hayana maana.

Na kama uji umeshaanza? Kurudi nyuma kunawezekana, mara nyingi ndani ya siku 3 hadi 7, ila si kwa kukata ghafla pale maziwa yalipokwisha kupungua. Siku ya kwanza ondoa maji, glukosi na dawa ya mchango. Hivyo havina kalori za maana na kuviacha hakuhitaji maandalizi. Siku hiyohiyo tupa chupa, uji uhamie kwenye kikombe. Kabla ya kila mlo anyonye matiti yote mawili kwanza, kisha uji upunguzwe robo kila siku huku akinyonya mara 10 hadi 12 kwa saa 24, pamoja na usiku. Siku ya pili na ya tatu atalia na nyumba nzima itasema mlijaribu mkashindwa. Hiyo ndiyo siku ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii kupita nyumbani, wala si siku ya kumpigia simu. Apimwe baada ya wiki. Akiwa hafikishi nepi 6, au ni mlegevu, asisubiri wiki, apelekwe kituoni.

Kuna nyumba ambazo haitawezekana, na kuwaambia "haifai" kisha kuondoka ni kuwaachia chupa iliyokatwa wembe. Hapo tunaomba mambo matatu: kikombe badala ya chupa, uji upikwe kidogo na uliwe papo hapo, na ziwa litangulie kila mara.

Mwezi wa saba ukianza, kosa linageuka. Sasa maziwa peke yake hayatoshi: mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kama kalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, na akiba ya madini chuma aliyozaliwa nayo inakwisha. Nyumba iliyoanza uji mwepesi mwezi wa nne huendelea nao uleule. Anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula, mara mbili kwa siku, upande taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250, mara mbili au tatu. Ndani yake kuwe na kitu: kijiko cha chai cha mafuta, dagaa waliooshwa mchanga, wakakaangwa bila mafuta, wakatwangwa na kuchekechwa, au yai lililoiva kabisa, au kipande cha ini kilichopondwa. Mwezi wa tisa afikie mara tatu au nne.

Unga wa lishe wa sokoni wenye nafaka na mbegu kumi na mbili sisi hatuusifii. Soya isiyochemshwa ina vizuizi vinavyozuia protini kumeng'enywa. Karanga zilizosagwa huchacha haraka, na karanga au mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 ilisababisha vifo Dodoma na Manyara. Nunua karanga nzima, ondoa zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, uziponde siku ya kupika. Mfuko wa mahindi safi na dagaa pembeni unashinda mchanganyiko usiojua ulisagwa lini.

Mtoto akigoma uji mzito, kuna kimea. Loweka ulezi usiku kucha, umwage maji, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka uchipue, uanike, sugua uondoe vichipukizi, usage. Pika uji mzito kama wa kukaribia ugali, utoe motoni, upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea ukoroge. Ndani ya dakika chache unalegea wenyewe mbele ya macho yako, bila tone la maji na bila kupoteza kalori. Kisha urudishe motoni uchemke tena, kwa kuwa ulezi uliochipua hubeba vijidudu. Kinachokosewa ni kutia kimea wakati uji unatokota. Moto unaua kile kinacholegeza, na mpishi anasema kimea ni uongo.

Kijiko cha kwanza mtoto atakisukuma nje kwa ulimi. Hajakataa, hajui tu la kufanya nacho. Kisubirishe mdomoni, mrudishie, jaribu tena kesho. Na kabla ya kumpa, inamisha kijiko juu ya sufuria: uji ukidondoka kwa tonge, mpe. Ukitiririka, rudisha sufuria jikoni.